Pomboo Aliyelazwa Kibla

Niliamini, tena kwa moyo wangu wote, kwamba mtu anaweza kujaa gesi ya baharini kama kibiriti kile cha plastiki cha dukani, na akilisogelea jiko atawaka.

Msicheke bado. Mahali pa kucheka nimepatenga mbele.

Ilikuwa miaka ile meli za watafutaji gesi zilipoanza kupanga foleni mbele ya pwani yetu. Haukupita msimu mmoja wa korosho, soko zima la mji wetu wa Mosimboa lilikuwa linaijua gesi kuliko wenyewe walioitafuta. Ikasemwa wametoboa sakafu ya bahari na gesi inavuja. Ikasemwa inawaingia pomboo na kasa puani, wanavimba, wanaelea, wanatupwa ufukweni. Na mtu akiwagusa, inamwingia yeye chini ya kucha, inakwenda kukaa tumboni, inangoja moto. Huko Mbau kuna bwana alipiga mwayo mbele ya mafiga akapoteza masharubu yote mawili. Huko Diaca mwingine alicheua harusini, kofia ya shemeji yake ikateketea. Niliuliza majina ya watu hao, nikaambiwa yamefichwa kwa heshima ya familia. Nikaona ushahidi huo unatosha.

Nawaandikia ninyi, wanangu mnaosomea ukaguzi wa nyama na tiba ya mifugo, kwa sababu mwalimu wenu kanieleza mnayalalamikia maneno. Mnasema, ya nini dorsali na ventrali, wakati mgongo ni mgongo na tumbo ni tumbo? Swali zuri. Mimi nililiuliza kabla yenu, na kabla sijalipata jibu lake nilimharibu pomboo mmoja, nikakaribia kumpoteza rafiki wa pekee niliyebaki naye.

Mimi nilikuwa msaidizi wa mifugo wa wilaya. Kazi yangu kubwa ilikuwa kukagua nyama machinjioni. Shule niliipata ukubwani, ile ya usiku. Mwalimu wangu wa hesabu alikuwa rika la mwanangu, alinipa shikamoo kwanza ndipo akanipa sifuri. Mji mzima uliniita Fiskali, yaani mkaguzi kwa Kireno, hata mke wangu, Mungu amrehemu. Alipofariki, nyumba yangu ikawa kubwa ghafla, kubwa kama uwanja wa ndege. Nilikuwa nikiweka sufuria jikoni, nikiiangalia, nikiitoa. Kwa hiyo mlo wangu wa kweli ukawa mmoja tu, nao sikuulia nyumbani. Niliulia machinjioni, kwenye jiko la Mzee Nfaume.

Mzee Nfaume ndiye aliyekuwa mchinjaji wetu. Mrefu, mwembamba, mwenye ndevu nyeupe zinazomfika kifuani. Hizo ndevu mzikumbuke, zina kazi mbele. Yeye ndiye aliyenifunza mnyama. Cheti kilikuwa changu, lakini macho yalikuwa yake, akaniazima mpaka yangu yakafunguka.

Sakafu ya machinjio yetu ilikuwa ya saruji, na kila mnyama alilazwa namna moja kama dini inavyotaka: ubavu wa kushoto chini, koo na tumbo vikielekea kibla. Pwani yetu kibla ni kaskazini moja kwa moja. Bahari iko mashariki, bara iko magharibi. Mchukueni mbuzi mmlaze hivyo, mtaona wenyewe: kichwa kinaelekea bara, mkia unaelekea bahari, mgongo uko kusini. Basi maneno mengine tuyatakie nini? Mzee Nfaume akisema, "Fiskali, tazama doa hili, liko bara kidogo ya figo," najua ni kuelekea kichwani. "Kuna jipu kibla," yaani tumboni. Juu ni ubavu wa kulia, chini ni wa kushoto. Mfanyakazi mpya aliyajua yote hayo kabla chai ya asubuhi haijapoa. Hata viungo vya ndani vilitii: ini la mbuzi na la ng'ombe limekaa kulia, kwa hiyo kwetu lilikuwa juu, na lile tumbo kubwa la majani limekaa kushoto, chini.

"Mungu alijua tutawalaza hivi," Mzee Nfaume alikuwa akisema, "akakiweka kitoweo changu juu juu."

Kitoweo chake kilikuwa ini. Kazi ikiisha na sakafu ikishaoshwa, anatoa kipande chake, anakikata vipande vyembamba, chumvi, ndimu, pilipili, anakiweka juu ya mkaa nyuma ya ukuta wa machinjio. Tunakula kwenye sahani moja ya bati iliyobonyea.

"Bismillahi. Fiskali, anza wewe, kagua."

"Ngoja nitazame kwanza."

"Utatazama nini? Umeshaitazama mbichi. Sasa kagua kwa meno."

Nasema wazi ili mjue uzito wa mambo yanayofuata: sahani ile ndiyo iliyokuwa nyumba yangu.

Basi watafutaji gesi wakataka mtu wa kukaa kwenye kisiwa kitupu, kaskazini ya kile cha Vamizi, azunguke fukwe na kuandika kila kasa na kila pomboo anayetupwa na maji, ana jeraha gani na wapi. Idara ikaniazima mimi. Nadhani kwa sababu wengine wote walikuwa na wake wa kuwakataza. Nikapewa mabuti, glavu, utepe wa kupimia, hema, na redio ya kuzungumza na daktari wa wanyama aliyekuwa Pemba, Pemba yetu, mji mkuu wa mkoa, si kile kisiwa. Tulimwita Dotora Selesti. Mwenyeji wa kusini, sauti kavu kama karatasi, Kireno safi. Ukimaliza kusema unatamka "kambio", ndiyo ruhusa ya mwenzio kujibu. Nilirudi mjini kila mwezi ulipoandama, nikakaa siku chache, nikarudi kisiwani.

Wanangu, mkiambiwa kisiwa ni kizuri, ulizeni kina watu wangapi. Changu kilikuwa na mmoja, na huyo nilishamchoka. Nilizungumza na kaa. Nilimtambua kaa mmoja kwa gando lake lililovunjika, nikampa habari za mjini, na nawaambieni alikuwa msikilizaji bora kuliko diwani yeyote. Asubuhi redio inapokoroma nilikimbia kama naitwa na mfalme. Dotora angeuliza tu, "Kuna kitu leo? Kambio," nami ningejibu, "Hakuna, kambio," na hayo maneno machache nikayatafuna mpaka jua linazama.

Halafu akaja pomboo wa kwanza.

Alikuwa mkubwa kama lori la saruji. Haya, kama tela lake. Haya, tuseme kama mlango wake, lakini mlango wa lori jipya. Alikuwa amevimba, kichwa kikielekea majini, amelala kihasara hasara, nusu mgongo, nusu ubavu. Na nyuma ya pezi la mgongoni alikuwa na jeraha refu. Nikakimbilia redio.

"Dotora, nimempata pomboo, ana jeraha upande wa bahari, kambio."

"Bado yumo majini? Kambio."

"Hapana, yuko mchangani, kambio."

"Sasa bahari inaingiaje? Kambio."

Nikamtazama pomboo. Kweli, mkia ulikuwa bara. "Samahani, Dotora. Ni ule upande wa bahari ambao leo uko bara. Na uvimbe mkubwa uko kibla, lakini kibla imegeukia juu, kambio."

Nikasikia anapumua.

"Senhor Amade, umekunywa maji leo? Kambio."

Akaniambia nipumzike kivulini, nimwite nikiwa na akili zangu. Mimi, fiskali wa miaka yote ile, naambiwa nipumzike! Nikaona kosa si langu, ni la pomboo. Hakulala vizuri. Nikachukua kamba nikamfunga mkiani, nikachukua ubao nikauchomeka chini ya kifua, nikachimba mchanga upande mmoja, nikavuta upande wa pili. Nilivuta mpaka nikaona nyota mchana. Maji yalikuwa yanajaa na mimi navuta. Nilipomaliza alikuwa amelala kama mbuzi wa Idi: ubavu wa kushoto chini, tumbo kibla, kichwa bara, mkia bahari. Nikajifuta jasho nikaita Pemba kwa sauti ya ushindi.

"Dotora, sasa amekaa sawa. Jeraha liko bahari ya pezi, juu, kusini kidogo, kambio!"

Akaniomba nimweleze. Nikamweleza utaratibu wetu wote, sakafu, kibla, bara, bahari. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Ni utaratibu mzuri sana," akasema. "Ni mzuri mpaka mnyama afe bila ruhusa yenu. Sasa niambie, kabla hujamgeuza, alikuwa amelalia upande gani hasa? Kambio."

Nikautazama mchanga niliouchimbua, hakuna alama iliyobaki.

"Damu ya mfu huteremkia upande wa chini kama maji," akasema. "Ningejua upande huo, ningejua kama alifia hapo au alifia mbali, akageuzwa. Haya. Kuna alama nyingine? Kambio."

"Kuna mchubuko mkiani. Ni wa kamba yangu, kambio."

"Na kingine?"

"Kuna kidonda kifuani. Ni cha ubao wangu, kambio."

"Kwa hiyo nusu ya majeraha ya pomboo huyu ni wewe. Kambio."

Hapo ndipo nilipoanza shule yangu ya pili, na hii ilikuwa ya asubuhi. Alinifunza kwa redio, kidogo kidogo, na siku zile alizonifunza ndizo siku pekee nilizosikia sauti ya binadamu zaidi ya dakika tatu.

"Mnyama hana bara wala bahari," alisema. "Ana kichwa na mkia, ana mgongo na tumbo, ana katikati na kando. Popote anapotupwa anakwenda navyo. Sema navyo."

Kuelekea kichwani ni kraniali. Kuelekea mkiani ni kaudali. Kuelekea mgongoni ni dorsali, kuelekea tumboni ni ventrali. Ukishafika kwenye kichwa chenyewe, kraniali haina kazi tena, maana umeshawasili; hapo kuelekea puani husemwa rostrali. Piga mstari wa mawazo katikati ya mgongo kutoka pua hadi mkia: kinachousogelea mstari ni mediali, kinachokimbilia ubavuni ni laterali. Na kulia ni kulia kwake yeye, si kwako wewe unayemwangalia. Hili la mwisho lilinitesa kuliko yote. Dawa yake ni hii: ukifika kwenye mzoga, usiguse kitu. Andika kwanza amelalaje. Kisha simama nyuma ya mkia, utazame anakotazama yeye, na kumbuka kama amelala chali lazima umgeuze kichwani mwako, si kwa ubao. Kisha funga utambi mwekundu kwenye pezi lake la kulia. Ukichanganyikiwa, tazama utambi.

Kasa ndiye mwalimu mzuri. Kasa aliyepinduliwa, gamba lake kubwa liko chini kwenye mchanga, nawe unashawishika kusema jeraha la chini. Gamba lile ni dorsali. Lilikuwa dorsali alipoogelea, ni dorsali alipopinduka, na litakuwa dorsali likitundikwa ukutani kwa tajiri.

Na msijifunze kwa mwili wenu mkiwa mmesimama. Sisi tumesimama kwa miguu miwili, juu yetu ni kichwani. Juu ya mbuzi ni mgongoni. Maneno haya yameshonewa wenye miguu minne. Kwa hiyo mimi nilishuka kwa miguu minne. Nilitambaa ufukweni, nikijipiga kiuno, "Dorsali!" nikijipiga tumbo, "Ventrali!" nikijitingisha nyuma, "Kaudali!" Siku moja nikainua kichwa, nikaona mashua ya wavuvi imesimama karibu kabisa, watu wote wameshika makasia hewani. Nikawapungia mkono. Wakapiga makasia kwenda zao, na sijaona wavuvi wenye haraka namna ile hata siku ya papa.

Mnauliza faida. Nitawapa faida moja. Miaka yangu ya mwisho kazini tuliletewa kulabu. Mnyama akawa ananing'inizwa kwa miguu ya nyuma, kichwa chini. Basi mtu akisema, "Doa liko juu ya figo," aliyefunzwa kwenye sakafu yetu anatafuta ubavu wa kulia, aliyefunzwa kwenye kulabu anatafuta mkiani, na daktari aliyefunzwa kitabuni anatafuta mgongoni. Watu watatu, figo moja, na nyama yenye ugonjwa inaondoka kwenda sokoni wakati wao wanabishana. Sema kaudali, wote watatu wanaweka kidole mahali pamoja.

Kuna jozi nyingine nilipewa, ya miguu: proksimali na distali. Kilicho karibu na kiwiliwili na kilicho mbali nacho. Goti ni proksimali kwa kwato, kwato ni distali kwa goti. Nikamuuliza Dotora, mbuzi akikunja mguu mpaka kwato ikagusa kifua, si kwato imeshakuwa karibu?

"Hapana," akasema. "Usipime kwa macho. Fuata mfupa. Kwato inaweza kukigusa kifua na bado iko mbali kuliko vyote. Kambio."

Neno hilo nililichukua kama somo la miguu. Nilipokwenda mjini nikaona linanihusu.

Maana gesi, wanangu, nilishaiamini. Mtaniuliza, wewe mkaguzi wa nyama, hukuwahi kuona mbuzi aliyekufa akavimba? Niliwaona wengi. Lakini hofu haiulizi ulichokiona. Pomboo yule alivimba mpaka ngozi ikang'aa, nami nilikuwa nimemkumbatia nusu siku, glavu zimechanika. Nilimwambia Dotora kuwa amevimba, akajibu, "Kawaida, endelea." Nikajisemea, kawaida kwake, yeye yuko Pemba na kucha zake. Kumuuliza zaidi niliona haya. Nikaacha kuwasha moto kisiwani. Nilikula sardini za kopo na muhogo mkavu uliolowekwa. Chai niliianika juani kwenye chupa. Mtu wa pwani, anaianika chai! Nikicheua, nilijiziba mdomo na kutazama pande zote kama mwizi.

Nikarudi mjini mwezi ulipoandama. Mzee Nfaume alikuwa ameshaweka ini.

"Fiskali! Karibu, linaiva."

Moshi ulinifikia, nikasimama pale pale. Nikamwona ameinama juu ya mkaa, ndevu zote zinaning'inia karibu na makaa, nyeupe, kavu, kama makumbi ya nazi. Nikafikiri: nikikaa pale nikapumua vibaya mara moja tu, tumekwisha.

"Nimeshiba, mzee wangu."

"Umeshiba nini? Kisiwani kumefunguliwa hoteli?"

"Nimeshiba tu."

Nikakaa kwenye nguzo ya lango. Akanitazama, akaweka vipande vyangu kwenye karatasi, akanyoosha mkono. Nikavipokea kwa ncha za vidole, nikaondoka. Mara iliyofuata nilikaa kisimani, mbali zaidi. Akaniletea pale, akasimama akinitazama nakula. Mara ya tatu wavuvi walikuwa wameshafika na hadithi yao: Fiskali gesi imempanda kichwani, anatambaa kisiwani na kujipiga makalio. Sokoni watu walinipisha njia pana. Wauzaji walinirushia chenji. Nami badala ya kujitetea nilisema moyoni, unaona? Hata wao wanajua. Nikaenda machinjioni nikasimama nje ya ukuta kabisa. Nilisikia mafuta yanavyochurura kwenye mkaa upande wa pili.

"Nani huyo?" akauliza.

"Mimi."

"Ingia."

"Napita tu, mzee."

Kisha akasema, si kwa hasira, "Sikujua kuwa ukila na watu wa gesi huwezi tena kula na wachinjaji."

Ningemwambia. Lakini ningemwambia nini? Kwamba namwogopea ndevu? Angeogopa naye, au angenikumbatia kwa ukaidi wake akateketea. Nikaona afadhali anichukie akiwa mzima. Ukuta ule ulikuwa wa matofali membamba, ningeweza kumgusa bega kama usingekuwepo. Nikaikumbuka kwato iliyokunjwa kifuani. Nikarudi kisiwani kabla siku zangu hazijaisha.

Sasa Mzee Nfaume hayupo. Miaka ya baadaye vita vilipofika Mosimboa vikatutawanya, yeye alikwenda Pemba kwa binti yake, mimi nikamfuata, na huko ndiko tulikomzika. Nilishuka kaburini na wengine kumpokea. Na kichwa changu, kwa mazoea ya kipumbavu, kikaanza kumpima kwa maneno ya sakafuni. Mnyama hulazwa kushoto, sisi hulazwa ubavu wa kulia, uso kibla. Kwa hiyo kichwa chake kilielekea bahari. Mbuzi wote aliowalaza maisha yake walielekea bara, na yeye peke yake akaelekea bahari. Niligeuka nimwambie. Aliyekuwa angeelewa ndiye tuliyekuwa tunamfukia.

Dotora sikuwahi kumwona uso. Kazi ya kisiwani ilipokwisha redio ilichukuliwa, na nilipofika Pemba nikaulizia, alikuwa ameshahamishiwa kusini. Siku hizi nanunua ini nusu kilo, muuzaji ananiuliza kama nina wageni. Namwambia ndiyo. Nalikata vipande vyembamba, chumvi, ndimu, pilipili, na kila mara kinabaki kiasi cha mtu wa pili.

Lakini nimewarusha mbele. Turudi kisiwani, maana nimewaahidi mahali pa kucheka.

Baada ya siku ile ya ukutani alitupwa pomboo mwingine, naye amevimba kama ngoma. Safari hii nilifanya kazi ya mtu aliyesoma. Sikumgusa. Niliandika alivyolala, nikafunga utambi, nikapima kutoka ncha ya pua hadi pengo la mkia kwa mstari ulionyooka, si kwa kufuata tumbo. Nikasema redioni, "Jeraha moja, ubavu wa kulia, kaudali ya pezi la mgongoni kwa viganja viwili, dorsali ya mstari wa kati wa ubavu, kambio." Dotora akasema, "Namwona, senhor Amade. Kambio." Kwa maneno yangu aliona! Nilitaka kumsimulia mtu. Nikamtafuta kaa mwenye gando, hakuwepo.

Nikaona mashua ya chakula inakuja, na ndani yake amekaa mtu mrefu ameshika ubao kwa mikono miwili, macho ameyafumba. Mzee Nfaume bahari haipendi hata kwenye picha. Alishuka amelowa mpaka kiunoni, kichwani amebeba jiko na mfuko wa mkaa, mkononi sufuria yenye kifuniko.

"Wanasema umekuwa mbuzi," akasema. "Nikasema kama ni mbuzi, kazi ni yangu."

"Nilikuwa najifunza, mzee."

"Kutambaa?"

"Viungo."

Akanipita, akaenda moja kwa moja hadi kwa pomboo. Akamzunguka, mikono nyuma, kama anayenunua.

"Huyu nani kamlaza hivi?"

"Bahari."

"Bahari haina adabu." Akainama akautazama utambi. "Na hiki?"

"Kulia kwake. Mzee, tafadhali, sogea huku."

Hakusogea. Akaenda upande upepo unakotoka, hatua chache tu kutoka kwenye mzoga, akaweka jiko, akamimina mkaa, akatoa kibiriti kwenye mfuko wa kifuani.

"Usiwashe!" nikapiga kelele.

"Kwa nini?"

"Usiwashe, mzee wangu, nakuomba! Ndevu!"

"Ndevu zimefanya nini?"

Akawasha. Mimi nilikuwa nimeshaingia majini na mabuti yangu, maji yamenifika kifuani, mdomo nimeuziba kwa mikono. Na kutoka humo majini, kwa vipande vipande, nikamwambia yote: kucha, tumbo, mwayo wa Mbau, kofia ya Diaca, lango, kisima, ukuta. Mashua yote ilikuwa inasikiliza. Mzee Nfaume alipepea mkaa mpaka ukashika, akaweka ini, akachukua kijiti kinachowaka, akatembea nacho mpaka kwa pomboo, akakishika juu ya lile tumbo kubwa linalong'aa. Moto ulicheza kidogo kwa upepo. Pomboo alibaki pomboo. Akakitupa kijiti majini, kikalia chii mbele yangu.

Alinitazama. Nadhani alikuwa anahesabu sahani zote tulizokosa kula pamoja. Kisha akarudi akachutama kwenye jiko, ndevu zake juu ya makaa kama siku zote, akageuza vipande kimoja kimoja, na akaniambia bila kuinua kichwa:

"Fiskali, kila kilichokufa kikikaa juani huoza, na kikioza huvimba. Mbuzi, kuku, pomboo, kesho mimi na wewe. Hakuna kilichokuingia. Kinachoungua hapa ni ini. Toka majini uje ule."